Fedha ya Jiko Huanzia Ndani ya Ukuta

Maneno haya niliyasema Jumamosi katika kikao cha kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, Mbezi Beach, Dar es Salaam. Wenzetu waliokuwa safarini waliomba niyaandike, nami nayaweka kama nilivyoyasema, bila zile picha nilizokuwa nikionyesha ukutani.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu nyote: wazee, shikamooni; wengine, habari za asubuhi. Mmenipa nafasi nizungumze juu ya kukarabati jiko la nyumbani, na tayari naona baadhi ya akina baba wamejiegemeza kwenye viti kama watu wanaosubiri zamu ya mada yao. Nawaomba wasisinzie. Katika kazi yangu ya ukadiriaji majenzi sijaona chumba kinachomeza fedha kwa kila mita ya mraba kama jiko, na fundi anapokuja kuomba nyongeza ya pili na ya tatu, anayepigiwa simu mara nyingi ni baba.

Kabla sijaanza, tazameni meza ile ya pembeni. Nimeweka vipande vitatu vya mawe: marumaru nyeupe, nikimaanisha jiwe lenyewe la asili na si vigae vya sakafuni ambavyo tumezoea kuviita kwa jina hilo; graniti nyeusi; na jiwe la kutengenezwa kiwandani. Saa tatu asubuhi, wakati wengi wenu mlikuwa mkitafuta pa kuegesha magari, nilikamua nusu ndimu juu ya kila kipande. Tuyaache mawe yale yaendelee na kazi yake nasi tuendelee na yetu.

Nimekuja na neno moja. Ukitaka jiko la gharama kubwa, fedha yako ilipie kwanza vile ambavyo hutaviona, ndipo ivifikie vile ambavyo wageni watavisifu. Kwa nini? Kwa sababu mlango wa kabati ukikuchosha unaweza kuubadilisha baada ya miaka mitatu kwa siku moja, na bomba la sinki hubadilishwa kwa saa moja, lakini waya uliopita nyuma ya vigae, mrija wa maji uliozikwa chini ya sakafu na tundu la hewa ambalo halikutobolewa havibadilishwi mpaka ubomoe kile ulichokwisha kukilipia. Nitalirudia neno hili asubuhi hii mpaka mlichoke: kilichofichwa kilipiwe kwanza.

Lakini kabla ya fedha kuna kazi. Jiko ni mahali pa kazi, na mahali pa kazi hupimwa kwa kazi inayofanyika pale. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, mbunifu majengo mzaliwa wa Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba mpya zilizojengwa chini ya usimamizi wa Ernst May, mkuu wa mipango na ujenzi wa mji huo. Jiko lile lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa takriban mita 3.4, yaani dogo kuliko stoo za baadhi yetu hapa, na yalijengwa yapatayo 10,000. Aliyachunguza majiko ya mabehewa ya chakula ya treni, ambamo watu wachache huandaa milo ya abiria wengi katika nafasi finyu, akahesabu hatua kati ya sinki, jiko na meza, akapanga kila kitu mkono unapofika. Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alisimulia baadaye kuwa kabla ya kulibuni jiko lile hakuwa akipika. Kwa hiyo hakuongozwa na mazoea yake. Alihesabu.

Je, tuige jiko la Frankfurt? Hasha. Lile lilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja anayepika peke yake, na hilo lililaumiwa baadaye hata kwao. Ni nani kati yetu anayepika peke yake siku ya Idi au siku ya Krismasi? Mmoja anakuna nazi, mwingine anachagua mchele, shangazi amekuja kuonja chumvi na hataki kutoka, na watoto wanapita katikati wakitafuta maji ya kunywa. Tunachopaswa kuiga ni kuhesabu.

Mteja wangu mmoja, mama wa Mikocheni, alinijia na picha nzuri aliyoipata kwenye gazeti la kigeni: jiko jeupe lenye kisiwa, yaani meza ya kazi isiyogusa ukuta, katikati, meza yote ikiwa na kimo cha sentimita 90. Nilimwomba kabla ya kulipa chochote achukue daftari na kwa wiki mbili aandike nani anapika, anapika nini, na anasimama wapi. Aliporudi alikuwa anacheka. Daftari lilionyesha kwamba anayetumia jiko kuliko wote ni mama mkwe wake, bibi mfupi wa kimo, ambaye kila Jumamosi jioni hukanda unga wa chapati za Jumapili. Ukimweka bibi huyo mbele ya meza ya sentimita 90, atakanda kwa mabega. Kanuni ninayoitumia ni kwamba meza ya kukatia iwe chini ya kiwiko cha mpishi kwa sentimita 10 hadi 15, na ya kukandia ishuke zaidi ya hapo. Basi upande mmoja wa kisiwa tuliushusha hadi sentimita 80, tukaacha uwazi chini yake ili bibi aweze kuvuta kigoda akaketi, na makabati mawili yaliyokuwa yajengwe pale yakafutwa kwenye hesabu. Mnaona? Daftari la shule liliokoa makabati mawili na mgongo wa bibi.

Mkimaliza daftari, chukueni utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, mchore jiko lote sakafuni kwa vipimo halisi, halafu mtembee ndani yake mkiwa mmebeba sufuria. Njia kati ya kisiwa na makabati isipungue sentimita 105 kwa mpishi mmoja. Kwa nyumba zetu mimi hupigania 120. Fungueni mlango wa oveni wa kufikirika, kisha mtu mwingine apite nyuma yenu. Kama hapiti, mmegundua kosa ambalo bado halina gharama.

Na msione haya kuhusu jiko la nje. Nimekutana na watu waliotumia mamilioni kujenga jiko la wazi lililoungana na sebule, kisha siku ya kwanza ya kukaanga samaki makochi yote yakanuka mpaka wiki iliyofuata. Feni ya kuvuta moshi ambayo haina mrija wa kutoa hewa nje huchuja mafuta na kupunguza harufu kidogo, kisha huurudisha mvuke na joto mle mle ndani. Kwa hiyo ulizeni mrija unatokea wapi kabla ya kuuliza rangi ya feni. Kibanda kizuri nyuma ya nyumba, chenye sinki, taa na mahali pa mkaa na masufuria ya shughuli, ni sehemu ya jiko la kifahari la Dar es Salaam. Kiingizeni kwenye bajeti tangu mwanzo, kisije kikaja baadaye kama aibu ya mabati.

Sasa tuingie ndani ya ukuta.

Bwana mmoja ninayemfahamu ana dada anayeishi Houston. Dada huyo, kwa mapenzi makubwa, alimpakilia kwenye kontena friji ya milango miwili, oveni na mashine ya kuoshea vyombo, vyote vya hali ya juu kabisa. Makabati yakachongwa kufuata vipimo vyake. Siku ya kuviwasha ndipo fundi umeme aliposoma kibandiko cha nyuma. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, na vyombo vikubwa kama oveni hutumia 240, wote ukiwa wa hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Wa kwetu ni volti 230 na hezi 50. Wakamwambia anunue transfoma. Transfoma hubadilisha volti, ndugu zangu, haibadilishi hezi. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikizungushwa kwa 50 huenda polepole na inaweza kupata joto kupita kiasi, na saa ya oveni inayohesabu muda kwa kufuata umeme hubaki nyuma. Makabati yalikuwa yamekwisha kukatwa kwa vipimo vya Marekani, ambavyo havilingani na friji zinazouzwa hapa. Zawadi ile ilimgharimu makabati mapya. Yeyote mwenye ndugu mkarimu ughaibuni ampigie simu leo: atume fedha.

Hata vyombo vinavyofaa umeme wetu vinahitaji hesabu. Jiko la umeme la kioo lenye sehemu nne za kupikia laweza kuvuta wati 7,400 likiwashwa lote. Gawanyeni kwa volti 230, mnapata ampea 32. Huwezi kulichomeka kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13 na kutarajia amani. Linataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi kuu, kwa kawaida usiopungua milimita 6 za mraba, na oveni nayo ipate njia yake. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime urefu wa njia na mzigo wa nyumba nzima, viyoyozi vikiwemo, ndipo aseme kama umeme uliopo unatosha au mnahitaji kuomba umeme wa njia tatu, ule wa mizigo mikubwa. Ombi hilo lina gharama na lina muda, na mwenye kuligundua baada ya vigae kupigwa huwa analia. Kilichofichwa kilipiwe kwanza.

Gesi pia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutandaa sakafuni kama maji yasiyoonekana. Kwa sababu hiyo mtungi ukae nje, mahali penye kivuli na hewa, usiwe karibu na shimo la maji machafu wala karo ambamo gesi inaweza kushukia, na chumba cha jiko kiwe na tundu la hewa chini, karibu na sakafu. Gesi asilia, ile inayotoka Songo Songo na ambayo baadhi ya nyumba za Mikocheni zimeunganishwa nayo kwa bomba, ni nyepesi kuliko hewa, nayo hupanda. Tundu lake linatakiwa juu. Vichomeo vya jiko vya gesi hizi mbili hutofautiana matundu, kwa hiyo kama mnatarajia kuunganishwa siku moja, nunueni jiko linaloweza kubadilishiwa vichomeo, na mpitishe mrija sasa wakati ukuta uko wazi.

Juu ya maji nitasema kidogo tu. Wengi wetu tunatumia maji ya kisima, na katika maeneo mengi ya mwambao wetu maji hayo yana chumvi au ni magumu. Yanakula mabomba ya thamani na kuacha ukoko mweupe ndani ya mashine ya kuoshea vyombo. Pelekeni chupa moja maabara ikapimwe kabla ya kuchagua bomba la laki kadhaa.

Sasa fedha yenyewe. Tuchukue mfano wa familia iliyojiwekea shilingi milioni 60. Wengi wangefanya nini na fedha hiyo? Wangekwenda dukani, wachague makabati ya milioni 35, wafurahi, kisha wagawe kilichobaki kwa huruma ya Mungu. Mimi huanza upande wa pili. Kwanza natoa asilimia 15, yaani milioni 9, naiweka kando kama fedha ya dharura, kwa sababu nyumba ya zamani ikifunguliwa ukuta huwa ina siri zake. Zinabaki milioni 51. Kutoka hapo milioni 12 zinakwenda kwenye umeme, maji, gesi, hewa na matengenezo ya kuta. Milioni 3 kwa michoro na makadirio. Milioni 4 kwa sakafu, vigae, rangi na taa. Hapo ndipo nawauliza wenye nyumba: mmebaki na milioni 32, mnapenda kuzigawa vipi kati ya makabati, meza na vyombo? Wanaopenda kuoka huweka zaidi kwenye oveni. Kwa kawaida naona milioni 16 kwa makabati, 8 kwa jiwe la meza na 8 kwa vyombo. Huo ni mfano wangu, si sheria. Lakini mpangilio wa kutoa fedha, huo naushikilia.

Na wale wanaotaka makabati kutoka ng'ambo, bei ya kwenye katalogi msiiite bei. Tangu Julai 2022, katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, samani na bidhaa za kauri zimo katika kundi la asilimia 35. Chukueni makabati ambayo thamani yake, pamoja na bima na usafirishaji hadi bandarini, ni milioni 20. Ushuru ni milioni 7. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo ya milioni 27, nayo ni milioni 4 na laki 8 na elfu 60. Mmefika milioni 31 na laki 8 na elfu 60, na bado hamjalipa tozo nyingine, bandari, wakala wa forodha, wala lori la kuja Mbezi. Ikiwa dola imepanda tangu mlipoweka oda, hesabu hiyo nayo imepanda. Viwango hivi hupitiwa kila mwaka wa bajeti, kwa hiyo wakala awape hesabu ya maandishi kabla ya kutuma malipo ya awali.

Kuna ubaya gani na seremala wa hapa? Mninga wetu unasifika duniani kwa kutosinyaa sana wala kujikunja, mradi umekaushwa sawasawa. Tatizo ni haraka yetu ya kununua mbao mbichi. Kwa maboksi ya ndani ya makabati, plaiwudi inayostahimili unyevu ni bora kuliko MDF ya kawaida, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ambayo maji yakiingia pembeni huvimba kama maandazi, na hairudi. Mimi ningechukua plaiwudi, milango ya mninga, halafu fedha iliyookolewa niitie kwenye bawaba na reli nzuri za droo, kwa sababu hizo ndizo mtakazozisikia kila siku.

Nimalizie na mikataba, na hapa nitajisema mwenyewe. Nilipokarabati jiko langu, mimi mkadiriaji majenzi, ninayewahubiria wateja juu ya maandishi, nilimwambia fundi kwa mdomo, nikiwa nimesimama mlangoni na mkoba begani, asogeze sinki kidogo kuelekea dirishani. Kidogo ilimaanisha nini? Kwangu sentimita 30. Kwake ilikuwa chini ya dirisha kabisa, zaidi ya mita moja. Akasogeza mrija wa maji, akasogeza wa maji machafu, akapiga vigae vizuri mno. Niliporudi jioni sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Niligharamia kutindua, nikagharamia kurudisha, na mume wangu kwa wema wake hakusema kitu kwa takriban dakika kumi.

Tangu siku hiyo kila badiliko kwa wateja wangu lina karatasi yenye mchoro, kipimo, bei na siku zitakazoongezeka, na sahihi mbili. Malipo yafuate hatua iliyokamilika na kukaguliwa. Mabomba yajazwe maji na kuachwa usiku mzima, nyaya zipimwe, kila kitu kipigwe picha pamoja na futi ya kupimia, ndipo ukuta ufungwe. Na asilimia 5 hadi 10 ya fedha ya mkandarasi ibaki mikononi mwenu kwa miezi sita, kwa makubaliano yaliyoandikwa tangu mwanzo, ili masika yapite mwone milango inavyofunga. Fundi mwaminifu hatakasirika, mradi nanyi mumlipe siku mliyoahidi.

Ombi moja kwa ajili ya mafundi wenyewe. Australia, kuanzia tarehe 1 Julai 2024, imepiga marufuku jiwe la meza linalotengenezwa kiwandani, kwa sababu vumbi lake likivutwa na wakataji huharibu mapafu kwa ugonjwa usiotibika. Hapa kwetu linauzwa. Graniti nayo ina vumbi la namna hiyo, ingawa kwa kawaida ni kidogo zaidi. Mkimwona kijana anakata jiwe lolote uani kwenu kwa grenda kavu, akiwa amejifunga fulana puani, msimamisheni. Likatwe kwa maji, kwenye karakana, na mtu avae barakoa inayofaa, na kama hilo linaongeza bei, iongezeni.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa sita imekaribia na harufu ya chai imenifikia. Ndimu ile imekaa juu ya mawe kwa karibu saa tatu. Nendeni mkafute kila kipande kwa kitambaa chenye maji, halafu mkiinamishe kuelekea dirishani muone mahali mng'ao ulipopotea. Mama wa mstari wa mbele aliyeniambia asubuhi kwamba amekwisha kulipia marumaru nyeupe, naomba aanze yeye. Nami nitakuwa pale pale mezani.